Sinia Moja, Madaftari Mawili

Jumapili, kipupwe. Mawingu tangu alfajiri. Saa nne kijua kilichungulia, kikaona haya, kikarudi kilikotoka. Nimevaa sweta ndani ya nyumba na soksi za marehemu mume wangu, na magharibi bado haijaadhiniwa. Mikono inanukia samaki ingawa nimeiosha mara mbili kwa limau.

Nimeshiba.

Nimeliacha neno hilo lisimame peke yake kwa sababu lina zaidi ya miaka mitatu halijawa la kweli kinywani mwangu. Si kwamba sikuwa nikilisema. Nilikuwa nalisema kila siku, "Nimeshiba, alhamdulillahi," huku nimemeza matonge matatu na la nne nalizungusha mdomoni. Leo saa tisa alasiri nimelisema mbele ya binti yangu Rehema, na tumbo likaitikia.

Kwa hiyo leo naandika mambo ambayo sikuyaandika humu kwa miezi mitatu. Sikuyaandika kwa sababu Rehema huusoma ukurasa huu wangu wa mtandaoni akiwa kwenye foleni za magari, na mimi nilikuwa na la kumficha. Sasa halipo. Nimemwambia kwa mdomo wangu, uso kwa uso, na hakunila.

Nianze mwanzo, kama faili.

Nina miaka sitini na minne. Kwa miaka karibu thelathini nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa Bagamoyo. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila karatasi iko mahali pake, na kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Nilijivunia kazi hiyo kupita kiasi. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata ndoa yetu nimeifungulia jalada na kuipa namba.

Alipofariki, miaka minne sasa, niliendelea kupika sufuria ileile kwa mwezi mzima. Kisha nikahamia sufuria ndogo. Kisha nikahamia chai ya rangi na kipande cha mkate. Nisidanganye, sikuwa na huzuni ya kila siku. Nilicheka, nilikwenda harusini, nilifumbata pesa za upatu kama wenzangu. Njaa tu iliacha kuja. Sikuisikia hata ilipoondoka.

Watu waliniambia ni uzee, mtu mzima hali, mtu mzima huonja. Nikalishika neno hilo kwa mikono miwili maana lilinipunguzia kupika.

Mpaka Idi iliyopita. Nilikuwa naosha mchele kwenye beseni, Rehema ameketi karibu yangu anakuna nazi, na bangili yangu ya mkono wa kushoto ikachomoka yenyewe ikazama kwenye mchele. Bangili ambayo zamani haitoki bila sabuni na matusi. Rehema aliacha nazi, akaiokoa, akaikausha kwa kanga yake, akaniwekea mezani. Alingoja mpaka wageni walipoondoka.

"Mama," akasema, "mimi siwezi kulala Tegeta huku najua uko hivi. Nakupa miezi mitatu. Kama hujaanza kula, nakuja kukuchukua, unakwenda kukaa kwangu. Na hapo sibishani."

Sauti ile naijua. Ni yangu.

Kwake ni pazuri. Kuna maji ya bomba ndani, kuna wajukuu, kuna kochi ambalo ukikaa unahitaji mtu wa kukuinua. Lakini niliogopa. Nilijiona nimekaa kwenye kochi lile mchana kutwa nikisubiri watu warudi kazini na shuleni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na mimi jembe la Tegeta silijui. Hapa Bagamoyo, mtaani kwetu Dunda, nina nyumba yangu, nina njia zangu, nina Chausiku.

Chausiku ni shoga yangu na jirani wa ukuta mmoja. Ananizidi miaka miwili na kilo ambazo sitaziandika, maana naye husomewa humu. Ni mjane kama mimi. Tangu sote tubaki peke yetu tunakula chakula cha mchana pamoja, leo kwake kesho kwangu. Yeye ana kisukari, na nesi wa zahanati alikuwa amemwambia apunguze mwili. Mimi nilitakiwa kuongeza. Basi tukaenda siku moja, tukaingia chumba kimoja, shida mbili zinapishana mlangoni.

Nesi mwenyewe ni Agripina, mtu wa Bukoba, umri wa Rehema, mwenye subira ya mtu aliyelea wadogo zake wengi. Alitusikiliza sote wawili, akacheka.

"Mama zangu, dawa yenu ni moja. Mazoezi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, uwanja wa shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wako kina mama wenzenu kumi. Na kila mmoja awe na daftari, aandike kila anachokula."

Mazoezi niliyapokea kwa shingo upande. Daftari nililipokea kwa mikono miwili. Nilipofika nyumbani nikalichora mistari kwa rula: siku, saa, chakula, kiasi. Chausiku akasema macho yake na kalamu hayasalimiani siku hizi, hivyo nikawa karani wa madaftari mawili.

Jumatatu ile ya kwanza tulivaa madera na raba. Raba za Chausiku zilikuwa za mwanawe wa kiume, kamba za kijani. Vijana wa bodaboda pale kijiweni wakatuamkia kwa adabu kabisa, "Shikamooni mabibi," na tulipowapita mmoja akauliza kama tunakwenda jeshini. Chausiku akamjibu bila kugeuka kwamba tunakwenda kutafuta wachumba, wao hawafai.

Uwanjani tulitembea kwa kasi mzunguko baada ya mzunguko. Kisha tukakaa kwenye viti vya plastiki na kusimama bila kushika popote, mara kumi, na hapo ndipo nilipojua kwamba magoti yangu yana maoni yao. Kisha tukanyanyua chupa za maji zilizojazwa mchanga. Nilirudi nyumbani natetemeka, nikiwa na furaha, maana nilikuwa na hakika ya jambo moja. Nimekua nikiona watu wakirudi shamba wanavyoparamia ugali. Kazi huleta njaa. Nikaketi jikoni nikaingojea.

Haikuja.

Ikawa mbaya zaidi. Siku za mazoezi sikutaka hata harufu ya kitunguu. Jumatano vilevile, Ijumaa vilevile. Wiki ya pili nikaanza kuamini kwamba mazoezi yamenimaliza hata kile kidogo nilichokuwa nacho.

Kwa Chausiku mambo yalikwenda kinyume. Njia yetu ya kurudi inapita kwa mama mmoja anayekaanga vitumbua, na shoga yangu alianza kusimama pale kama amepigiwa filimbi. Vitumbua vitatu, siku nyingine vinne. "Hivi ni haki ya jasho langu," alikuwa akisema, midomo inang'aa mafuta. Nilipomuuliza kama niviandike, akashangaa kweli. "Chakula cha njiani? Hicho ni cha msafiri, shoga. Msafiri haandikiwi."

Nikacheka, nikaacha kuviandika. Hapo ndipo kalamu yangu ilipoanza kuteleza.

Sasa nifike kwenye sinia, maana dhambi yangu iko humo.

Sisi tunakula sinia moja, kama tulivyolelewa. Wali katikati, mchuzi pembeni, samaki juu. Kila mtu anakula kilicho mbele yake. Mama yangu alikuwa akinifinya paja nikivusha mkono upande wa mwenzangu. Na adabu ya pili, ukimpenda mwenzio unamsogezea minofu, na yeye hakatai, maana kukataa kipande ulichosogezewa ni kumvunjia mtu heshima.

Mimi nilikuwa namsogezea. Tumbo la samaki, mgongo wa samaki, kichwa chenyewe. Nikimaliza samaki nausukuma wali kwa ncha za vidole, polepole, huku tunazungumza habari za watu. Chausiku anakula bila kuangalia, mkono unakwenda wenyewe. Sinia likiwa jeupe, tunamshukuru Mungu, na mimi nachukua madaftari. Kwake naandika: wali nusu sinia, samaki changu mmoja, mchicha. Kwangu naandika: wali nusu sinia, changu mmoja, mchicha. Tulikuwa wawili, sinia lilikuwa moja, limeisha. Ukigawa kwa mbili unapata nusu. Karani yeyote angeandika hivyo.

Lakini nilijua. Hilo ndilo ninalotaka kulikiri hapa bila kulipamba. Nilijua nusu yangu iko tumboni mwa mwenzangu, na nilikuwa naita jambo hilo adabu. Nilifurahia hata kusifiwa. Chausiku alikuwa akiwaambia watu, "Shoga yangu ana roho, hanyimi," na mimi nainamisha macho kama mwari.

Wiki ya sita nesi Agripina akatupima. Mimi nilikuwa nimepungua kilo moja. Chausiku alikuwa ameongezeka mbili.

Nesi akayaweka madaftari ubavu kwa ubavu mezani. Akafunua kurasa za moja, akafunua za pili. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama, hapa pameandikwa nusu sinia, changu mmoja. Na hapa nusu sinia, changu mmoja. Mwandiko mmoja, chakula kimoja, saa moja. Mbona miili miwili haikubaliani?"

Mimi nikatazama bango la chanjo ukutani, nikalisoma lote. Chausiku ndiye aliyejibu.

"Mwanangu, ile nusu yake ina miguu. Inahama."

Agripina alicheka mpaka mgonjwa aliyekuwa nje akachungulia. Alipotulia akatuambia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko karipio. "Mnapendana vibaya, mama zangu. Huyu anampa mwenzie maradhi, na yule anamwachia mwenzie njaa."

Sikuwa nimewahi kuliangalia upande huo. Nilidhani uongo wangu ni wangu peke yangu, kumbe nilikuwa namlisha mtu mwenye kisukari wali wa watu wawili kila siku ya Mungu. Niliona aibu mbele ya Chausiku, nikamwomba radhi palepale. Akaniambia nisimtoe machozi mbele ya mtoto wa watu, na isitoshe wali ulikuwa mtamu.

Ndipo nesi akatueleza ambalo nilipaswa kuuliza tangu mwanzo. Kwamba mwili ukitoka kazini mara nyingi hautaki chakula papo hapo, na wengine huchefukwa kabisa. Nisiufunge mlango kwa sababu mgeni hajafika saa ile. Ninywe maji, nipumzike, saa nne nile yai au kiporo cha maharage, kidogo hata bila hamu, maana misuli inayofanya kazi inataka kulishwa. Njaa yenyewe inaweza kuja mchana, inaweza kuja kesho yake. Kwa mwingine inachelewa, kwa mwingine haiji, na hapo tutarudi kwake tutafute sababu nyingine. Hakuniahidi kitu. Kwa Chausiku alisema njaa ile ya vitumbua ni njaa ya macho, afike nyumbani kwanza kisha aulize tumbo.

"Na kuanzia leo," akamaliza, "kila mtu na sahani yake."

Tulijaribu. Siku moja tu. Tuliketi mkekani, sahani mbili, kila mmoja na kilima chake cha wali, na maneno yakatuishia. Kwetu wanaokula sahani mbalimbali kwenye mkeka mmoja ni watu waliogombana. Chausiku alisema anajisikia kama yuko hotelini na mtu asiyemjua, na mtu huyo anatafuna kwa kelele.

Kesho yake akaleta sinia. Akaupakua wali, akaugeuza mwiko, na kwa mpini wake akachora mstari katikati, kutoka ukingo hadi ukingo. "Huku kwako, huku kwangu," akasema. "Wewe umalize kwako, mimi nisivuke kuja kwako. Mpaka huu ni wa serikali."

Tulicheka kama wasichana wa chuoni. Lakini tuliuheshimu. Yeye upande wake ulikuwa mdogo na mchicha mwingi. Mimi upande wangu nilikuwa nautazama kama shamba la kupalilia. Kuna siku niliumaliza kwa machozi, tonge moja moja, Chausiku ameshika tama ananisubiri na mkono wake uko pajani. Hilo sitalisahau. Kwa mtu anayependa kula kama yeye, kukaa mbele ya wali usioruhusiwa kuugusa ili mwenzako asile peke yake, hayo ni mapenzi.

Kuandika nikaandika kweli. Matonge matano. Matonge manane. Vitumbua viwili vya njiani (C.). Alinuna siku nzima kwa hivyo viwili.

Mara nyingine nikiwa nanyanyua chupa zangu za mchanga nilikuwa nawaza kwamba neno mazoezi limetokana na kuzoea. Miaka mitatu nilikuwa nafanya mazoezi ya kutokula, na nilifaulu vizuri. Sasa nilitakiwa kuyaacha nianze mengine, na mwili wangu, karani kama mimi, haupendi kubadilisha utaratibu.

Halafu ikaja Alhamisi moja, wiki tatu zilizopita.

Nilikuwa nafagia uwanja wa nyumba yangu, saa nne na kitu, nikasikia maumivu chini ya kifua. Kitu kinakwaruza, kinanyamaza, kinakwaruza tena. Nikaogopa vidonda vya tumbo. Nikaacha ufagio nikaenda kwa Chausiku nimejishika.

"Linauma vipi?" akauliza.

"Halichomi. Linakwaruza. Halafu kama kuna mtu anavuta kitu ndani."

Akanitazama sana. "Shoga," akasema, "hilo haliumi. Hilo linataka kula."

Mimi, mwanamke wa miaka sitini na minne, mama wa watoto watatu, niliyefunga Ramadhani zaidi ya hamsini, nilikuwa nimeisahau njaa yangu kiasi cha kuidhania ugonjwa.

Mchana ule tulikuwa na wali wa nazi, kunde na changu wa kuchoma. Mstari ukachorwa. Tukala, tunazungumza habari za binti mmoja hapa mtaani na posa yake. Upande wangu ukaisha bila mimi kuujua. Nikiwa katikati ya sentensi, mkono wangu ukavuka mpaka, ukashika mnofu uliokuwa mbele ya Chausiku, ukarudi nao.

Tukautazama mkono.

Paja langu lilijikunja lenyewe likingoja kufinywa na mama yangu, Mungu amrehemu. Nilifungua mdomo niombe radhi, na Chausiku akapiga kigelegele. Si kidogo. Kigelegele cha ukumbini, mpaka jirani wa nyumba ya pili akapaza sauti kuuliza nani kaolewa. "Njaa imerudi kwa mumewe!" Chausiku akamjibu, na mpaka leo jirani yule hajaelewa.

Nikaula mnofu. Nikalia kidogo nikiula, na haukupungua utamu.

Tangu hapo si kila siku. Kuna siku linakwaruza, kuna siku kimya. Mara nyingi inakuja kesho ya mazoezi, kama nesi alivyosema huenda ikawa. Juzi Ijumaa nilipimwa, nimeongezeka kilo mbili na kidogo. Chausiku amezipunguza zile mbili zake na anatafuta kupunguza ya tatu.

Leo miezi mitatu ya Rehema imetimia.

Alifika saa sita, peke yake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, za Tegeta?" Akanibusu mkono, na vidole vyake vikabaki vimeuzunguka kifundo cha mkono wangu vikipima, akidhani sioni. Nikampa daftari. Nilikuwa nimepanga kumpa na kunyamaza.

Akasoma amesimama. Uso wake ukafunguka. "Mama, mbona ulikuwa unakula vizuri tangu mwanzo? Nusu sinia, nusu sinia. Kumbe mimi nahangaika bure!"

Chausiku alikuwa jikoni kwangu anatia tui. Aliacha kukoroga. Akanitazama kupitia mlangoni.

Ningeweza kuacha. Mwandiko ulikuwa mzuri, mistari imenyooka, binti yangu anatabasamu. Miezi mitatu ingefungwa kwa muhuri na faili lingerudi kabatini.

"Kurasa hizo ni za uongo," nikasema. "Wiki sita za mwanzo. Nilikuwa namsukumia Bi Chausiku chakula na kuandika kwamba nimekula mimi. Za kweli zinaanzia pale palipoandikwa matonge."

Rehema akalifunga daftari. Akakaa kwenye kiti cha baba yake. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Sasa nikuamini kwa lipi, mama?"

Nilijiona mdogo. Miaka thelathini ya masjala, na mtoto wangu mwenyewe haamini maandishi yangu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Chausiku akasema kutoka jikoni, "lakini huyu hakufa na amesema mwenyewe. Nawa mikono, mwanangu. Kula na mama yako, kisha umuulize tena."

Tukaketi watatu mkekani. Rehema hakula, alinitazama. Tonge la kwanza nikalizungusha vidoleni, kwa kuwa si rahisi kumeza ukiwa unasimamiwa kama mtahiniwa. Nikaliweka chini. Nikajiambia nisile kwa ajili ya Rehema, nilishakula sana kwa ajili ya madaftari. Nikanywa maji. Nikamsikiliza Chausiku akieleza jinsi nesi anavyotukimbiza uwanjani, akainuka na kuonyesha tunavyokaa na kusimama bila kushika kiti, akashindwa kusimama, Rehema akacheka ikabidi amvute. Katika kicheko hicho mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilikula wali, nikala samaki mpaka mwiba wa mwisho, nikaomba ukoko, tukaugombea mimi na binti yangu, nikashinda.

"Nimeshiba," nikasema, na Rehema akageuza uso akajifuta kwa ncha ya mtandio.

Hakulitaja tena la Tegeta. Nami sikuliuliza.

Saa kumi akaaga. Nilikuwa nimemfungia mihogo na papai, nikamfuata navyo mpaka garini. Akafungua buti haraka, kisha akataka kulifunga, lakini nilikuwa nimeshaona. Kulikuwa na begi kubwa la magurudumu, jipya, tupu, limelazwa wazi. Na pembeni yake mto mpya, ule mgumu, bado uko kwenye nailoni.

"Lilikuwa langu?" nikauliza.

"Lilikuwa lako, mama."

"Na mto?"

"Najua hulali kwenye mto laini," akasema.

Miezi mitatu yote nilimwona kama hakimu. Kumbe binti yangu alikuwa ametembea madukani akiminya mito, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mgumu wa kutosha shingo ya mama yake. Nilimkumbatia palepale barabarani, bodaboda zinapita. Akaniambia sikioni, "Niambie ukweli tu. Hata ukiwa mbaya, nipe huo huo."

Akaipanga mihogo ndani ya begi, akaondoka.

Daftari langu limejaa leo, ukurasa wa mwisho umekwisha na ukoko. Sitanunua jingine. Kesho ni Jumatatu, kuna mazoezi. Keshokutwa asubuhi, nikiamka nina njaa, nitampigia Rehema nimwambie. Nisipoamka nayo, nitampigia pia.